Maji ya Jumatatu

Saa kumi na moja alfajiri. Julai, huku Estonia,
jua halikulala usiku; lilisinzia tu
nyuma ya misonobari, likaamka.
Naingia ziwani hadi kiunoni,
chupa nimeishika kitako, mdomo chini,
naizamisha shubiri moja na nusu,
kisha naipindua. Inakunywa.
Inatoa mapovu matatu.
Naandika ubavuni kwa wino usiofutika:
Ufuko wa watoto. Nyuzi ishirini na tatu.

Maji ni maangavu. Naona changarawe,
naona kisamaki kisicho na habari.
Uangavu si ushahidi. Aliniambia Helve,
aliyenitangulia maabarani miaka thelathini:
"Uchafu wenyewe hasa
hauna adabu ya kuonekana."

Mililita mia moja zinapita kwenye chujio
jembamba kama ganda la kitunguu.
Ziwa linakwenda zake. Wao wanabaki,
wadogo mno hata kuitwa vumbi.
Nawalaza juu ya jeli, nawafungia kabatini
kwa nyuzi arobaini na nne,
homa ambayo wewe na mimi ingetuzika.
Atakayeishi humo
ndiye ninayemtafuta.

Siku nzima ya kungoja. Dirishani
naona watoto wakirushiana mpira majini.
Niwaambie nini? Kwamba sijui bado?
Kila ninapopata jibu
ni jibu la maji yaliyokwisha kuondoka.

Jumanne kisahani kilichanua.
Madoa ya buluu, doa juu ya doa.
Nilihesabu kwa ncha ya kalamu, mia mbili,
mia tano, mia tisa na kitu,
nikaacha, nikaandika: hayahesabiki.

Bendera nyekundu ikapanda ufukoni,
na kijiji kikapata mkosaji kabla ya chakula cha mchana:
ng'ombe wa Endel.
Endel ana ng'ombe kumi na wanne,
mbwa chongo, na hana mke wa kumsemea.
Dukani maziwa yake yakachachia rafuni.
Nami nilinyamaza. Nilisema nangoja vinasaba,
na kweli nilikuwa nangoja,
lakini kunyamaza nako kulikuwa na raha yake.

Kwa darubini bakteria hana sura:
kijiti tu, kama kijiti kingine.
Ila ana ukoo.
Mashine ilimsoma usiku kucha,
asubuhi ikatema mstari mmoja.
Si ng'ombe.
Si bata bukini.
Mtu.

Basi nikafuata ukingo na chupa zangu,
mfereji baada ya mfereji.
Wa kwanza, safi. Wa pili, safi.
Wa tatu unatoka kwenye matete,
chini ya sauna ya mama yangu,
pale bomba la udongo alilolifukia baba
mwaka niliozaliwa
limepasuka kimya kimya.

Mama akafungua mlango, taulo kichwani,
akinukia moshi na sabuni.
"Unachota nini huko, mwanangu?
Ingia, kahawa bado ya moto."
Nikaingia. Nikanywa vikombe viwili.
Chupa mkobani ilikuwa ikitoka jasho.

Husemwa damu ni nzito kuliko maji.
Sijui. Kwetu maabarani damu hatupimi.
Najua tu kwamba haya nimeyavulia nguo.

Ijumaa fomu iliuliza: Chanzo?
Nikajaza nyumba, nikajaza jina.
Chini nikatia sahihi,
jina lile lile la ukoo, mara mbili
katika ukurasa mmoja.

Kisha nikaenda kwa Endel na ndoo ndogo.
Nikataka lita mbili.
Hakuniuliza kitu. Akapima,
akafuta ukingo wa ndoo kwa kidole gumba,
akanizidishia kidogo.